Klachi ya Landrova ya Bi Mwanaidi

Watu wa Kinole hawajui kusifu ila maiti. Ukiwa hai watakusema mpaka ulimi ukauke, lakini ukishafukiwa tu kila mmoja anakumbuka ulivyokuwa mkarimu na ulivyomsaidia siku ya shida. Mwezi uliopita tulimzika Fundi Mkude, nami baada ya mazishi nikakaa mkekani uwanjani kwao, sinia la pilau mbele yetu, nikisikiliza wazee watatu wakishindana kumpamba. Wa kwanza alisema marehemu alikuwa fundi wa kusikiliza: gari likipita barabarani, yeye akiwa amekaa na kikombe chake cha chai, anakutajia linaumwa nini. Wa pili akasema hata mapadri wa Matombo walikuwa hawamruhusu mtu mwingine aguse magari yao. Wa tatu akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema Morogoro nzima haitapata tena fundi mwaminifu kama yule. Huyo wa tatu namkumbuka vizuri. Alikuwa kijana mwenzangu, na ndiye aliyesimama nje ya msikiti Ijumaa moja akamwita Mkude mwizi wa spea, watu wanavaa viatu, wanasikia. Sasa alikuwa analamba mafuta ya pilau vidoleni na kumwombea pepo.

Mimi pale sikuwa mgeni wa kukaa tu na kula. Ukoo wetu na ukoo wa marehemu ni watani, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Anasimama mbele ya wafiwa, anamwigiza marehemu mwendo na sauti, anamtaja kwa uchoyo wake na ulafi wake na uongo wake, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Hakuna anayekasirika, kwa sababu neno la mtani halishikwi. Vijana wa siku hizi wameanza kuiona desturi hii aibu, wanataka spika na mshereheshaji, lakini wazee wa Mkude waliniletea ujumbe mapema: usikose, Rajabu, wewe ulimjua. Ni kweli nilimjua. Nilimjua mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mwaka huo ndio ulionifanya nilivyo.

Mwaka ule nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, usukani wa Landrova ya Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi alikuwa mfanyabiashara wa Kinole, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Alinunua ndizi, mananasi, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa mlimani, mimi nikavishusha sokoni Morogoro, nikapanda na abiria, sukari na sabuni. Nililala katika chumba nyuma ya jiko lake, katikati ya magunia, na mpaka leo nikinusa pilipili manga napiga chafya na kukumbuka kitanda kile cha kamba. Asubuhi alinipa chai ya mdalasini na mhogo wa kuchemsha, jioni ugali na mchicha, na siku ya soko kipande cha samaki. Nilikula peke yangu chumbani, mlango wazi. Ukuta kati ya chumba changu na sebule yake ulikuwa wa udongo, umepasuka juu karibu na paa, na kila kilichosemwa upande wa pili kilinifikia kabla sijamaliza tonge.

Ndivyo nilivyomsikia kaka yake, Mzee Salumu, jioni moja akimwambia kuwa gari la ukoo haliendeshwi na mtu baki. Idi yupo, alisema, mtoto wa dada yetu, damu yetu, ana leseni, anakaa bure. Huyo Idi nilimjua: kijana wa kuamka saa nne na kuulizia chai. Bi Mwanaidi akasema kwamba dereva aliyenaye hamlalamikii. "Lakini akiniharibia kitu kimoja tu kwenye gari lile, kaka, kesho yake nampa Idi." Nilibaki na tonge mkononi. Kwetu sikuwa na shamba wala biashara ya kurudia. Usukani ule ukiondoka, ningebaki kubeba mikungu ya ndizi ya watu wengine sokoni, na niliwadharau mno wabebaji kuweza kufikiria kuwa mmoja wao. Niliwadharau watu wengi mwaka ule. Umri ule mtu hana kitu kingine cha kujivunia.

Miezi michache baadaye klachi ikaanza kuchoka. Kwa asiyejua magari ya zamani, Landrova ile haikuwa na waya wa klachi. Ukikanyaga pedeli unasukuma silinda ndogo inayoitwa masta, nayo inasukuma mafuta ya breki kwenye bomba jembamba mpaka silinda nyingine ya chini, penye giaboksi, na hiyo ndiyo inayoachanisha injini na gia. Ndani ya silinda zote mbili mna raba za mviringo, ndogo za kukaa kwenye ncha ya kidole, na raba hizo zikichoka mafuta yanavuja, pedeli inazama, gia zinasaga meno. Bi Mwanaidi akaniambia tulipeleke kwa Fundi Mkude.

Gereji yake ilikuwa mjini, kiwanja cha mchanga uliojaa mafuta chini ya mabati manne. Mkude alikuwa anavaa shati jeupe. Fundi wa magari, shati jeupe. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akanywa chai, akawaamuru wenzake, na yeye akishika spana watu walisimama kutazama. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia, akaniambia niwashe gari. Akafumba macho akasikiliza. Kisha akamgeukia Bi Mwanaidi, mimi nikiwa bado kwenye usukani na mafundi sita wakisikia, akasema, "Dereva wako analalia klachi. Mguu wake hautoki kwenye pedeli. Utabadilisha raba mpaka uchoke, mama, kama hujabadilisha mguu." Mafundi walicheka. Bi Mwanaidi hakucheka, alinitazama tu miguuni. Masta ilipofunguliwa raba zilitoka zimekatika vipande kwa uzee, huenda zilikuwamo kabla mimi sijaota ndevu, lakini Mkude alikuwa amekwisha kutoa hukumu na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Alitia raba mpya, tukatoa upepo. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini ya gari anafungua na kufunga skrubu ndogo mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Mimi nilikanyaga. Yeye hakulala chini, alimlaza mtu mwingine, akasimama pembeni kuniambia kanyaga, achia, kanyaga, si hivyo, na kila nilipokosea akawaambia wenzake ndiyo mguu wenyewe huo. Silinda ya chini nayo ilikuwa inatoa jasho la mafuta. Alisema hiyo itasubiri, akanipa kopo la mafuta ya breki limefika nusu, niwe naongeza. Nilirudi mlimani siku hiyo. Nilimchukia yule mtu na shati lake, na moyoni sikuona haja ya kulificha hilo.

Kopo lilinidumu mpaka masika. Siku moja niko kwenye mteremko mbaya chini ya Kinole, gari limejaa watu na mizigo, mvua inanyesha, pedeli ikazama moja kwa moja. Nikafungua kopo, tupu. Akaja nyuma yangu dereva mwingine, Shomari, mzee wa gari bovu kuliko letu. Alichungulia, akasema nitie maji ya sabuni, nitafika, na nikifika nimwage nitie mafuta ya breki. Madereva wote wa mlimani walifanya hivyo wakikwama. Nilimcheka mbele ya abiria. Nilimwambia maji ya sabuni ni ya kufulia, mimi si dereva wa kufua. Nyuma ya kiti nilikuwa na mafuta ya injini, mapya, ya kopo lililofungwa, safi kama asali, nikasema mafuta ni mafuta, nikajaza. Pedeli ikarudi, ngumu, nzuri kuliko mwanzo. Abiria walisifu. Shomari alipanda gari lake akaondoka, na mimi nikaendelea kutia mafuta yale yale kila yalipopungua, kwa sababu yalifanya kazi na kwa sababu yalikuwa wazo langu.

Sasa najua anachokijua kila fundi anayejua kazi. Raba za breki na klachi hazipatani na mafuta ya injini. Zinavimba, zinalainika, zinakuwa nyororo kama ulimi. Baada ya siku kama kumi pedeli ilianza kukaa chini ikikanyagwa, nikawa naiinua kwa ncha ya kiatu. Tukarudi kwa Mkude. Alifungua masta, akatoa raba zake mwenyewe zilizotiwa juzi, zimenenepa hazitaki hata kutoka kwenye tundu. Mafuta yalimwagika mchangani, meusi kwa raba iliyoyeyuka, na harufu yake mtoto wa shule angeijua. Nilingoja ainame anuse. Nilingoja atie kidole. Mama ntilie alikuwa amemletea wali na maharage; Mkude akatazama raba zile kwa mbali, kijiko mkononi, akasema, "Feki. Siku hizi raba zote feki." Akaagiza masta nzima mpya, ikafungwa juu, na bomba na silinda ya chini vikabaki vilivyo, vimejaa mafuta yangu. Wazee wanasema alikuwa fundi wa kusikiliza. Mimi nilikuwepo. Alijisikiliza mwenyewe.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini aliyeniaibisha mbele ya mafundi sita alikuwa amekosea mbele yangu, na raha niliyoipata sijawahi kuipata tena kwa kitu halali. Isitoshe, Idi alikuwa anangoja usukani. Nilinyamaza, nikarudi mlimani na masta mpya, na haikupita mwezi nayo ikavimba. Safari hiyo nilikuwa nimejifunza kuendesha bila klachi kabisa: unawasha gari likiwa gia ya kwanza, linaruka, unasikiliza injini, unaingiza gia ya pili pale sauti inaposhuka. Niliwateremsha abiria sokoni namna hiyo, wakanisifu tena.

Bi Mwanaidi hakurudi gereji. Alitia masta mbovu kwenye kikapu akanichukua mpaka duka la spea la Mzee Hasmukh, Mhindi mwembamba aliyerithi duka kwa baba yake na aliyezungumza Kiswahili cha Morogoro kuliko sisi. Bi Mwanaidi alianza kufoka kabla ya kukaa. Mzee Hasmukh alimwacha amalize, akamwagizia soda, kisha akachukua masta, akasoma namba iliyochongwa ubavuni, akapima tundu lake kwa kipimo, akasema masta hii ni ya saizi ya gari lenu, kosa haliko hapa. Akaichokonoa raba akaitoa, akailaza kaunta pembeni ya raba mpya. Ya kwetu ilikuwa kubwa kwa theluthi. Akaiminya, ikatoa jasho jeusi. Basi akafanya jambo ambalo nimelifanya mwenyewe mara mia tangu siku ile, kila mteja anapokuja kunifokea kwenye duka langu la spea. Alijaza maji glasi mbili. Ya kwanza akaitia tone la mafuta ya breki kutoka kopo jipya, likayeyuka likapotea. Ya pili akaitia mafuta yaliyobaki ndani ya masta yetu, na sehemu kubwa ikakaa juu ya maji, duara, inang'aa, haitaki kuzama. Alimsogezea Bi Mwanaidi glasi.

"Humu mmetia mafuta ya injini," alisema. "Nani kaweka?"

Bi Mwanaidi aligeuka akanitazama. Hakuniuliza. Alinitazama tu, na mimi nikajua kwamba hapo ndipo usukani ulipo, ndani ya jibu langu.

"Gari lilikuwa gereji, mama," nikasema.

Hakuna hata neno moja la uongo katika maneno yale. Gari lilikuwa gereji, kweli, mara mbili. Nimeyapima maneno hayo mara nyingi, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Bi Mwanaidi aliweka soda chini. Mzee Hasmukh alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaingia stoo, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa biashara na biashara haikuwa ya kwake.

Alirudi na masta mbili. Moja mpya inang'aa, imeletwa juzi, nyepesi mkononi. Nyingine kwenye boksi lililokula vumbi, ya tangu enzi za baba yake, nzito, raba zake zimepakwa grisi na kufungwa karatasi. Alisema ya kung'aa itafanya kazi, ya vumbi itadumu, lakini hata ya dhahabu itavimba kama hamkuosha njia yote: toa raba za juu na za chini, osha bomba kwa spiriti mpaka itoke nyeupe, badilisha raba za chini, ndipo utie mafuta mapya. Bi Mwanaidi alichukua ya vumbi. Akaniuliza kama naweza kuifunga mwenyewe, maana kwa mwizi yule harudi. Nikasema naweza. Nilifanya kazi hiyo siku mbili uwanjani kwake Kinole, nikaosha bomba mara tano, yeye mwenyewe akikanyaga pedeli akiwa ameikunja kanga magotini, na klachi ile ilitembea miaka saba bila kuguswa. Watu walianza kuniita dereva fundi. Mzee Salumu hakumtaja Idi tena. Kila nilichonacho leo, duka, nyumba, jina, kilianzia kwenye bomba lile nililoliosha uchafu wangu mwenyewe.

Mkude alikuja Kinole mara moja kujitetea. Niko chumbani kwangu, nakula, ukuta umepasuka pale pale. Nilimsikia akiapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kuwa hajawahi kutia mafuta ya injini kwenye klachi ya mtu, kwamba jambo hilo hata mtoto hafanyi. Sauti ilikuwa imemshuka. Bi Mwanaidi alimwambia kuwa alitoa masta ya asili akaiuza, akamfungia uchafu, na akamwapiza, yeye na gereji yake, mbele ya wanawe wawili aliokuja nao. Mkude alipotoka alipita mlangoni kwangu. Aliniona na sahani. Nilidhani atanikamata shati. Alipita tu. Hakunishuku hata dakika moja, kwa sababu kumshuku mtu ni kukubali kwamba anaweza kufanya jambo, na mimi kwake nilikuwa mguu. Ile dharau yake ndiyo iliyoniokoa. Mimi nilimlipa kwa dharau miaka thelathini na ushei, nikisema moyoni kwamba fundi asiyenusa mafuta anastahili yaliyompata. Watu wa mlimani waliacha kumpelekea magari. Hao hao waliokula pilau lake. Gereji ilikufa, akahamia upande wa Mazimbu, akamaliza umri wake akitengeneza pikipiki za wanafunzi.

Basi siku ya msiba zamu yangu ikafika. Niliazima shati jeupe la marehemu kwa binti yake, nikalivaa, nikaingia katikati ya uwanja na kikombe cha chai. Nikafumba macho, nikasikiliza mtoto akilia, nikasema mtoto huyu raba zake feki. Waliangua kicheko. Nikaigiza alivyokuwa akila wali gari la mtu limefunguliwa tumbo. Walicheka mpaka mjane wa marehemu akafunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Na hapo, sijui kitu gani kilinipata, labda ni wale wazee watatu na uaminifu wao wa siku moja, nikasema yote. Nilisema mafuta ya injini nilitia mimi, mkono huu. Nilisema nilimwona anakosea nikanyamaza kwa raha. Nilisema mwizi wa spea hakuwa mwizi, mwizi ni huyu anayewachekesha, na alichoiba ni jina la mtu. Nilisema kwa sauti yangu, si ya marehemu. Walicheka kuliko mwanzo. Yule mzee wa tatu alishika mbavu akasema watani bwana, hawana haya, mpaka wanajisingizia. Mmoja alinirushia soda.

Nilipokwenda nyuma ya nyumba kuvua lile shati, Bi Mwanaidi alikuwa amesimama penye mafiga, ameshika fimbo. Ana umri mkubwa sasa na macho yameingia ukungu, akaniita mpaka nikamkaribia uso kwa uso. Yeye hakuwa amecheka.

"Rajabu mwanangu," alisema. "Yale ya mafuta. Kweli ilikuwa wewe?"

Sisi wawili si watani. Ningemjibu kweli, neno langu lingeshikwa.

"Ni utani tu, mama," nikasema.

Alishusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Maana nilimwapiza yule mtu mbele ya watoto wake."

Nilimtafutia kiti akakaa. Kisha nikarudi mkekani kwa wanaume, ambako walikuwa wananingoja niwachekeshe tena.